Vitone

Ramani ya bure, ile ya kituo cha mafuta,
ina mstari mwekundu unaoanzia Bratislava,
mnene kama mshipa wa shingo ya mgomvi.
Unapanda na mto Váh, unatoboa milima miwili,
na ukifika kwetu unageuka vitone.

Kumi na tisa. Nimevihesabu.
Baada ya hapo mstari unarudi, mzima, hauna haya,
unakwenda zake Košice
kama mtoto aliyeruka neno asiloweza kulisoma.

Sisi tunaishi kwenye vitone.

Mpimaji wa kwanza alikuja mwaka niliomzaa Ľubica,
akapigilia vigingi vya rangi ya chungwa katikati ya viazi.
Vendelín, mume wangu, alimmiminia konyagi ya plamu,
akamuuliza: lini?
Miaka mitano, baba. Ikizidi sana, sita.
Wa pili alikuja na vigingi vya buluu.
Wa tatu alikuja na mashine isiyotaka vigingi,
akasimama mita themanini juu zaidi, upande wa makaburi.
Vile vya zamani maharage yalikwisha kuvipanda hadi kileleni.
Konyagi ilikuwa ileile.

Penye nia pana njia, husema watu.
Hapa nia zimepita saba, kila moja na mkasi wake,
na utepe, na bendi ya wazimamoto ikipuliza matarumbeta.
Wakakata utepe wa kipande cha chini.
Wakakata utepe wa kipande cha juu.
Katikati wamekata misonobari tu,
na mbunge mmoja alikata kona, hatukumwona tena.

Kwa hiyo malori yanapita dirishani.
Lami nzuri inayatema kwenye shamba la akina Gazdík,
bango linasema MWISHO,
nayo yanashusha gia, la Mturuki, la Mpolandi, la Mromania,
yanaingia kwenye barabara ya bibi yangu
iliyopimwa kwa mikokoteni miwili ya majani makavu
ikipishana, na wenyewe wakisalimiana.
Vikombe vyangu vinatembea kabatini.
Jioni navipanga, vishikio vyote kulia.
Asubuhi navikuta vimegeuka, vinatazama mashariki,
kana kwamba vimepakiwa, vinangoja kuondoka.

Usiku ule wa Februari
gari la wagonjwa lilitoka hospitali ya wilaya,
likafika mwisho wa lami kwa dakika sita.
Kisha vitone.

Daktari alikuwa kijana, theluji mabegani.
Alisema, kama njia ingekuwa imekwisha.
Nikamwambia anywe chai.

Sasa niseme, maana Vendelín hasikii:
mara ya pili, wale wa buluu, walileta karatasi ya kutia saini.
Majirani walitia. Mimi sikutia.
Bei ilikuwa ndogo, na mpeasi ulikuwa ndiyo kwanza umezaa.
Nikaandika barua. Nikaijua mahakama, milango yake, na karani wake mwenye kikohozi.
Nilishinda, na siku ile tulikula keki.
Serikali ikaanguka, fedha zikahamia mlima mwingine,
na kila ninaposema *wao* wametuchelewesha,
kuna kitone kimoja, cha kumi na moja labda,
chenye jina langu la ukoo.

Matúš, mjukuu, amekuja likizo na kalamu zake.
Akaitandaza ramani mezani, ulimi nje,
akaunganisha vitone vyote kwa wino mwekundu.
Dakika moja, hata haikutimia.
Bibi, imeisha!
Nikavaa miwani. Mstari ulipinda kidogo,
ukapita juu ya mpeasi, ukapita juu ya jiko,
ukayakosa makaburi kwa upana wa ukucha.
Umepita nyumbani kwangu, nikamwambia.
Akafikiri. Akachora nguzo mbili,
nyembamba, za kuibeba barabara juu ya paa.

Nikambandikia ramani ukutani, karibu na kabati.
Lori likapita. Nikasubiri litulie,
nikanyoosha mkono, nikavirudisha vikombe kulia.